Kitanda cha Wakfu Kilichouzwa Siku ya Ijumaa

Wanaosema nilisinzia siku ile nawajibu hivi: mtu hasinzii huku anasugua mbao kwa mikono miwili. Nilikuwa macho, saa saba ya mchana, jua limesimama juu ya bati la karakana yetu kule Bofu, Likoni. Niliongea na mwanamke aliyekuwa amekwisha kufa. Alinisemesha, nikamjibu, akanishika mkono. Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha unisikilize, maana kilichonitia hasira katika mambo haya si huyo maiti. Maiti hakuwa na kosa lolote. Wenye makosa walikuwa hai, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, na wengine mpaka leo wakiniona njiani hugeuza uso.

Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi kwa muuza vitu vya kale. Nitamwita Bwana Jabiri. Duka lake lilikuwa Shanzu, karibu na mahoteli, lakini vitu vilikuwa vikiletwa Likoni kwanza kutengenezwa: makasha ya njumu, viti, mabirika ya shaba, vipande vya milango ya nakshi. Karakanani tulikuwa wawili. Fundi Karisa, Mgiriama, mtu wa kanisa na mkono mwepesi kwenye patasi, aliunga miguu iliyovunjika na kuziba nyufa. Mimi nilisafisha, nikapaka nta, na nikasoma. Naam, kusoma. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akanifundisha hati ya Kiarabu kabla sijang'oa meno ya utoto, na vitu vingi vya kale vya pwani vimeandikwa kwa hati hiyo. Nikimsomea Bwana Jabiri kwamba kasha hili ni la Fulani bin Fulani, mchukuzi wa bandarini, yeye kule dukani huwaambia wateja kuwa ni la sultani. Nilijua na nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nalisema mwenyewe kabla hujanisema wewe.

Basi Jumatatu moja kikaletwa kitanda.

Kilikuwa kirefu, chembamba, cha mti mgumu uliokolea weusi kwa umri. Miguu yake minne mifupi ilikerezwa vizuri ajabu. Hakikuwa na kamba wala mchago. Kilipigwa mbao, na mbao zile zilikuwa zimeinama kidogo kuelekea upande wa miguuni, zimechongwa mfereji katikati. Mwisho wa mfereji palikuwa na tundu lililozibwa kwa gundi na unga wa mbao, kazi ya juzijuzi.

"Hiki ni kitanda cha kupumzikia mabibi wa kale," akasema Bwana Jabiri. "Kuna hoteli Shanzu inakitaka wiki hii. Kisugueni mpaka kiwake."

"Kimetoka wapi?" nikauliza.

"Lamu." Alinijibu bila kunitazama. Kwake kila kitu kilitoka Lamu.

Alipoondoka, Karisa akakizunguka kile kitanda mara mbili, mikono nyuma.

"Dada, hiki mimi sikipendi."

"Kwa nini?"

"Kitanda cha mtu aliye hai hakiwekwi mfereji wa maji."

Je, mimi nilikuwa sijaona? Niliona. Mwislamu gani wa pwani asiyejua kitanda cha kuoshea maiti? Lakini moyo ulikataa. Nikajiuliza, ni binadamu gani atakayeuza kitu kama kile? Nikajiambia labda ni cha kuanikia samaki, labda ni cha nini sijui. Mtu akiogopa kuupoteza mkate wake hujidanganya kwa urahisi sana.

Jumanne asubuhi nikakikuta kimelowa. Nikamgombeza Karisa kwa kumwaga maji juu ya mbao za watu. Akaapa hajamwaga. Jumatano kimelowa tena, na chini ya lile tundu lililozibwa pana kidimbwi. Ulikuwa wakati wa kaskazi, joto la kuunguza, mvua hatujaiona kwa wiki nyingi. Nikapanda juu ya kiti nikakagua bati shimo kwa shimo. Kavu. Na kidimbwi kile kilikuwa na harufu. Wewe unaijua harufu ya karafuu maiti? Ukishainusa mara moja katika nyumba yenye msiba huisahau.

Siku hiyohiyo ya Jumatano, Karisa alikwenda kwake kula. Nikatia komeo mlangoni kwa ndani, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa na tabia ya kuingia kutafuna magunia. Nikapiga magoti, nikashika msasa, nikaanza kusugua.

"Usikikwaruze hivyo, mwanangu. Hicho husuguliwa kwa kumbi la nazi na jivu."

Nikainua uso. Upande wa pili wa kitanda alisimama mama mtu mzima, rika la mamangu. Leso nyekundu yenye nakshi za korosho kaifunga kiunoni, fundo limekaa upande wa kulia. Mikono ya gauni kaikunja mpaka viwikoni, na mikono yenyewe inatiririka maji.

Unajua nilifanya nini? Nilimwamkia. Malezi ni kitu kibaya, hukutangulia hata pale ambapo ungepaswa kupiga mayowe.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mama, umeingilia wapi?"

Alikuwa anakipapasa kitanda, ubao kwa ubao, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Kisha akasema, "Sikukiuza mie."

Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesema neno moja mara nyingi mpaka limemchosha. "Nimeapa, hawakunisadiki. Nimewaonyesha ufunguo, hawakunisadiki. Sikukiuza mie."

"Nani aliyesema umekiuza?"

Akanyoosha mkono wa kushoto, akanishika kiganja changu cha kulia akakipeleka chini ya mbao, ndani ya uvungu. Vidole vyake vilikuwa baridi, ngozi imejikunyata kama ya mtu aliyeshinda anafua. Chini ya mbao nikahisi maandishi yaliyochongwa.

"Soma," akasema.

Nikainama kutazama. Ni kuinama tu, wallahi, haikuzidi pumzi mbili. Nilipoinuka, hapakuwa na mtu. Komeo liko palepale nilipolitia. Na sakafuni palikuwa na nyayo za maji. Zilianzia kitandani, zikakizunguka kitanda, zikaishia kitandani. Kuelekea mlangoni hapakuwa na hata unyayo mmoja.

Nilikaa chini pale pale nikasoma Ayatul Kursi mpaka meno yalipoacha kugongana. Kisha nikakipindua kile kitanda peke yangu, mgongo ukilia. Maandishi yalikuwepo, yamechongwa kwa mkono mzuri wa zamani. Sehemu moja ilikuwa imekwanguliwa kwa patasi, mti umebaki mweupe kama kidonda kipya. Lakini aliyekwangua alikuwa mvivu. Yaliyobaki yalisomeka hivi: *wakfu kwa ajili ya maiti wa kike… hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi…* Jina la mahali ndilo lililoliwa na patasi.

Woga wote ukanitoka, ikaingia hasira. Kitu alichokitoa mtu kwa ajili ya Mungu, kwa ajili ya wanawake wasiojua hata watakufa lini, kimeandikwa wazi hakiuzwi, kimo humu tunakipaka nta kiende hotelini!

Nikakipiga picha kwa simu, nikampigia Bwana Jabiri.

"Hiki kitanda ni wakfu," nikamwambia. "Ni cha kuoshea maiti."

"Wewe umeajiriwa kusugua, si kutoa hotuba," akasema. "Yale maandishi nilimwambia dereva ayatoe, naona kafanya nusu. Mpe simu Karisa."

Karisa alikuwa ndiyo kwanza anagonga, nikamfungulia komeo nikampa simu. Nikamsikia akiambiwa apige randa chini ya kitanda mpaka pawe laini. Karisa akasema, "Bosi, kwetu waliiba vigango vya wazee wetu, vile tunavyowasimamishia wafu, wakavivusha ng'ambo. Babu yangu mzaa baba amesimama sebuleni kwa mtu nisiyemjua. Leo unanipa mimi randa? Hapana." Akakata simu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwambia tajiri hapana.

Haikusaidia. Alasiri ile ile akaja Sudi, dereva wa pikapu, kaagizwa akichukue kitanda kama kilivyo. Sikuweza kukizuia kwa nguvu. Nikamzuia Sudi kwa maneno. Nilimwekea chai, nikamuuliza polepole alikitoa wapi, na Sudi ana ulimi mrefu kuliko barabara anazoendesha.

"Mishomoroni," akasema. "Nyuma ya msikiti unaojengwa upya. Miezi miwili sasa."

"Nani alikupa?"

"Mzee mmoja wa kanzu, jina sikuambiwa. Alikuwa na ufunguo, akafungua stoo mwenyewe. Tukakibeba mimi na yeye, hapana mwingine. Kikatuponyoka, mguu wa kitanda ukamwangukia dole gumba la mkono wa kushoto. Damu! Akalifunga kitambaa, hakulia hata kidogo."

"Watu wengine walikuwa wapi?"

Sudi akatazama chini. "Ilikuwa Ijumaa. Watu wote walikuwa ndani. Namsikia imamu kwenye kipaza sauti, mimi nafunga kamba. Yule mzee ananiambia: fanya haraka, kabla hawajatoa salamu."

Hebu yapime maneno hayo. Umma mzima umesimama mbele ya Mola wake, na mtu anahesabu rakaa apate kuiba.

Nikamuuliza Sudi kama alijua anabeba nini. Akasema alijua. Akasema tangu siku ile akilala huamka godoro limelowa, na mkewe amerudi kwao kwa kudhani amekuwa kikojozi. Nilimwonea huruma kiasi kidogo sana. Kisha akakipakia kitanda akaondoka nacho.

Alhamisi asubuhi nikavuka kwa feri, nikaelekea Mishomoroni. Msikiti unaojengwa haukuwa na taabu kuuona, mabomba ya jukwaa yamesimama ukutani na rangi mpya nusu. Jina lake nalisitiri, si kwa heshima ya kamati yake. Karibu na pale mama mmoja alikuwa anachoma mikate ya mofa. Nikanunua, nikamuuliza kwa upole, waosha maiti wa kike wa hapa ni nani.

"Alikuwa Bi Mwanatumu," akasema, kisha akashusha sauti. "Lakini alituuzia kitanda."

Akanielekeza nyumba. Nilipokelewa na binti yake, Rukia, fundi cherehani, nguo za watu zimerundikana kila mahali na mashine imefunikwa. Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia tu kuwa mama mmoja alinijia kazini Likoni akaniambia hakukiuza kitanda. Rukia akanitazama kama anayetafuta mahali pa kunipiga.

"Mama gani?"

Nikamweleza. Leso ya korosho. Mikono iliyokunjwa. Fundo la leso upande wa kulia, na mkono wa kushoto ulionishika.

Akakaa sakafuni. "Mamangu alikuwa akitumia shoto," akasema. "Ile leso tumeigawa sadaka. Juzi tumemsomea arubaini."

Tulilia, kisha akanihadithia. Mama yake aliosha maiti wa mtaa ule kwa miaka zaidi ya ishirini, bila ujira, saa yoyote atakayogongewa mlango. Ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni. Funguo zilikuwa mbili tu, wa pili kwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kitanda kilipotoweka, mwenyekiti alisimama baada ya sala akashika kipaza sauti akasema: "Funguo ni mbili. Wangu haujatoka mfukoni mwangu." Basi. Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja ya kumtaja. Wakamvua Bi Mwanatumu ufunguo shingoni kama anayevuliwa cheo. Wanawake aliowaosha mama zao wakaacha kuitikia salamu yake. Akaacha kula. Wiki mbili baadaye alianguka jikoni, hakuinuka.

"Na yeye walimwoshea wapi?" nikauliza, na sijui kwa nini niliuliza.

"Juu ya meza mbili za plastiki," akasema Rukia. "Zile za kukodisha harusini. Tulizifunga kwa kamba. Zikaachana katikati. Nilimdaka mamangu kwa mikono yangu hii."

Niambie wewe unayesoma: ungefanya nini? Mimi nilisimama nikajifunga buibui vizuri, nikamwambia Rukia, "Nipeleke kwa huyo mwenyekiti."

Tuliwakuta wanakamati barazani kwa msikiti baada ya sala ya alasiri, na imamu, kijana mpole, kakaa pembeni na kitabu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa ndevu nadhifu na sauti laini. Alitukaribisha vizuri sana. Mkono wa kulia aliuweka kifuani. Wa kushoto alikuwa kaushikilia ndani ya mkono wa kanzu.

Nikatoa salamu, nikawaonyesha picha za maandishi. Wakazipokezana. Mzee mmoja akasema, "Hicho hasa, wakfu wetu!" Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mungu amrehemu Bi Mwanatumu na amsamehe," akasema.

"Mwenyekiti," nikasema, "tuonyeshe dole gumba lako la kushoto."

"Limefanyaje?"

"Tuonyeshe tu."

Imamu aliinua macho. Wengine nao wakageuka. Akalitoa polepole, maana kutolitoa kungekuwa vibaya zaidi. Ukucha ulikuwa nusu mweusi, nusu mpya unaota kwa chini.

"Nilijibana na mlango," akasema.

"Mlango gani wenye miguu minne? Dereva aliyebeba nawe yu hai na namba yake hii hapa. Kasema mguu wa kitanda ulikuangukia Ijumaa, imamu akiwa anasalisha. Kasema ulimwambia afanye haraka kabla watu hawajatoa salamu. Nimpigie?"

Mwenyekiti akainua mkono wa kulia. "Wallahi," akaanza, na neno likaishia hapo. Alikuwa hanitazami mimi tena. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, na uso wake ukabadilika kuwa rangi ya majivu.

"Mwambieni huyo mama atoke," akasema.

"Mama gani?" imamu akauliza. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Rukia alikuwa ubavuni mwangu.

"Huyo! Mwambieni ashushe mikono. Mwambieni asinitiririshie maji!" Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akateleza akakaa chini kama mtoto. Na mimi nikainusa ile karafuu maiti, na si mimi peke yangu, kwa sababu yule mzee aliyekitambua kitanda pichani alifunika pua kwa kilemba. Sakafuni kati yangu na mwenyekiti, saruji ilikuwa imeingia matone ya maji, moja, moja, moja, yakimfuata mpaka miguuni.

Akasema yote. Kwamba alikiuza, kwamba aliona ni mbao kuukuu tu, kwamba mambo yake yalikuwa yamembana. Kwamba alidhani watu watasahau.

Unafikiri walimshika wakampeleka polisi? Subiri nikuambie. Walipomaliza kusema innalillahi, mzee mmoja akatugeukia sisi wanawake, akatabasamu, akasema, "Mabinti zangu, alhamdulillahi ukweli umejulikana. Sasa tusitiriane. Mambo ya msikiti yasitoke nje."

Hapo ndipo nilipopaza sauti, na Mungu anisamehe kwa mahali nilipoipaza. "Mlipomwita mwizi mlitumia kipaza sauti! Leo kumwita mwema mnataka kunong'ona?"

Imamu peke yake aliinuka, akaandika barua kwa mkono wake kuwa kitanda ni mali ya wakfu, akanipa.

Sudi alinitajia hoteli aliyokipeleka, na Ijumaa tulikwenda Shanzu watatu, mimi, Rukia na Karisa. Kitanda tulikikuta kwenye ukumbi wa mapokezi ya hoteli. Walikuwa wamekitandika kitambaa cheupe, Mola nisitiri, kama sanda. Juu yake wamepanga mananasi, vipande vya tikiti maji na majagi ya juisi ya ukwaju. Wageni wanajimiminia na kucheka.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisoma barua, akasema wamekinunua kihalali, twende tukazungumze na aliyewauzia. Alikuwa ananionyesha mlango kwa adabu. Basi nikamwacha yeye, nikawageukia wafanyakazi. Wengi wao wa kwetu, wa Kisauni, wa Mtwapa, wa Kilifi. Nikafunua kitambaa upande wa miguuni, nikawaonyesha tundu.

"Ndugu zangu, hiki ni kitanda cha kuoshea maiti," nikasema. "Wakfu wa Mishomoroni. Mnaona mfereji huu? Mnajua maji gani yamepita hapa?"

Msichana aliyekuwa na jagi mkononi aliliweka sakafuni, si kitandani, sakafuni, akarudi nyuma. Aliyekuwa anakata matunda alikiacha kisu akaenda kunawa mpaka viwikoni. Meneja akamwambia mwingine atoe matunda, akakataa. Akamwambia wa tatu, akakataa naye. Karisa akamwambia meneja kwa sauti yake ya kanisani, "Wewe mzee, angelikuwa mama yako?" Wageni wakaanza kuuliza kuna nini, na nikaona mmoja wao akielezwa, akaiweka glasi yake chini taratibu sana.

"Chukueni," meneja akasema. "Chukueni sasa hivi."

Matunda tuliyatoa sisi wenyewe. Aliyekirudisha kitanda Mishomoroni alikuwa Sudi, kwa pikapu ileile, hakutaka hata mafuta.

Kwenye kipaza sauti wakatangaza: kitanda cha wakfu kimepatikana, alhamdulillahi. Kimepatikana! Kana kwamba kilikwenda matembezi kikapotea njia. Jina la Bi Mwanatumu halikutajwa. Nilimpigia imamu, akaniambia kamati imeamua hivyo, yeye bado mgeni.

Siku chache baadaye akafa mama mmoja mtu mzima, jirani yake Rukia. Maiti wa kwanza kuoshewa juu ya kitanda kile tangu kirudi. Wanawake wakamwita Rukia ashike nafasi ya mamake, na Rukia akanipigia nije kumsaidia. Tuliosha vizuri, tukakafini, tukamaliza. Nje wanaume wamesimama na jeneza, wanasubiri kumpokea waende makaburini.

Binti mkubwa wa marehemu alikuwa mlangoni. Ni mmoja wa wale walioacha kuitikia salamu ya Bi Mwanatumu. Alimtazama mama yake kitandani, akamtazama Rukia, kisha akaufunga mlango.

"Maiti hatoki," akasema.

Wanaume wakabisha. Akawaambia kupitia dirishani, "Mamangu ameoshewa juu ya kitanda mlichosema kimeibwa na Bi Mwanatumu. Semeni palepale mliposemea. Kisha tutafungua."

Wanawake wote tukakaa chini. Hakuna aliyepanga jambo hili, nakuapia. Wazee wakaja mmoja mmoja dirishani wakibembeleza, wakituonya kwa Mungu, wakikasirika. Jua linapanda. Tulikaa hivyo kiasi cha kupika chungu cha wali. Halafu tukakisikia kipaza sauti kikikwaruza, na sauti ya yule imamu kijana, inasikika mpaka barabara kuu: "Bi Mwanatumu hakuuza kitanda. Tulimsingizia. Aliyekiuza ni mwenyekiti wa kamati. Tunamwomba Mungu, na tunamwomba Bi Mwanatumu, atusamehe."

Alirudia mara tatu. Mlango ukafunguliwa.

Sasa unataka kujua yalivyoishia. Mwenyekiti alihama, sijui aliko, wala hakushitakiwa na mtu. Bwana Jabiri alinifukuza kazi kwa ujumbe wa simu, Karisa akaacha mwenyewe siku hiyohiyo, na duka liko wazi mpaka leo. Sheikh mmoja kaniambia roho ya maiti hairudi, lile lilikuwa jini. Simbishii, ana elimu kunizidi. Namuuliza tu, ni jini gani huyo anayeumia kwa jina la Bi Mwanatumu kuliko watu aliowaoshea wazazi?

Kiganja changu cha kulia, pale aliponishika, ngozi imejikunyata mpaka sasa kama iliyokaa majini kutwa. Nimekwenda zahanati mara tatu, wamenipa dawa za kupaka, haijanyooka. Nimezoea.

Lakini nakuonya wewe. Ukienda kununua kitu cha kale, kasha, kiti, ubao wowote, usiridhike na "kimetoka Lamu". Kipindue ukitazame. Na kama wewe si mnunuzi, ila ni mtu wa msikitini au kanisani kwako, na siku moja kitu kikapotea, na mtu laini wa kauli akasimama mbele yenu akahesabu funguo bila kutaja jina, usitikise kichwa. Mwambie naye atoe mikono yake yote miwili mezani.